KUZIMIA WAKATI WA KUTOA DAMU: SABABU ZAKE NA NJIA ZA KUJIKINGA

Kijana mwenye nguvu, aliyezoea kupasua matumbawe au kuvuta nyavu baharini, huenda kutoa damu akicheka na wenzake. Hulazwa kitini, hutolewa damu, huinuka, hupiga hatua tatu, na mara huanguka chini kama mnazi uliokatwa. Watu hushtuka. Mmoja husema damu yake imekwisha. Mwingine husema amepandwa na pepo. Wa tatu, ambaye zamu yake ilikuwa bado, huchukua kofia yake akaenda zake kimya kimya. Baada ya dakika moja yule aliyeanguka hufungua macho na kuuliza yuko wapi. Na baada ya nusu saa hurudi kwake akiwa mzima.

Mambo ya namna hii hutokea katika nchi zote ambako watu hutoa damu. Si ya hatari kubwa, wala hayatokei mara nyingi. Lakini hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana mtu mmoja akianguka mbele ya watu, wengi huogopa. Na yule aliyeanguka mara nyingi harudi tena kutoa damu. Anayelipa hasara hiyo ni mgonjwa aliyelala hospitalini akingojea. Kwa hiyo yafaa kila mtu afahamu ni kwa nini mtu huzimia, na ni mambo gani yaliyo rahisi yanayoweza kumzuia asizimie.

HAJA YA DAMU KATIKA PWANI

Kikambala ni mahali panapojulikana sana katika pwani ya Kenya. Pako kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, baina ya Mtwapa na Vipingo. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojaa baruti lililipuliwa katika hoteli ya Paradise iliyokuwa hapo ufuoni. Wakenya 10 na Waisraeli 3 walikufa, na watu wengi walijeruhiwa. Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa, wakafa watu zaidi ya 200 na maelfu wakaumia. Wananchi wa Nairobi walipanga foleni ndefu ili watoe damu kwa ajili ya majeruhi.

Moyo huo wa huruma ni wa kusifiwa. Walakini misiba kama hiyo hutufundisha jambo moja: damu inayomwokoa mtu katika saa ya kwanza ni ile iliyokwisha kutolewa zamani, ikapimwa, ikawekwa katika friji. Damu mpya haiwezi kutiwa mwilini mwa mtu papo hapo. Ni lazima kwanza ijulikane ni ya kundi gani, na ipimwe isije ikawa na vijidudu vya Ukimwi, vya ugonjwa wa ini au vya kaswende. Tena damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Hata ikihifadhiwa vizuri katika baridi, chembe zake nyekundu hudumu siku 35 tu au zaidi kidogo, kwa kadiri ya dawa iliyotiwa mfukoni. Basi haitoshi watu kujitokeza siku ya msiba. Yatakiwa wawepo watu watoao damu mwaka mzima.

Wala si misiba mikubwa tu itakayo damu. Kila siku, katika hospitali za Kilifi, Malindi na Mombasa, wako wanawake waliotokwa na damu nyingi katika kujifungua, watu walioumia barabarani, na watoto waliopungukiwa na damu kwa malaria au kwa ugonjwa wa selimundu. Mtoto ambaye malaria imekula damu yake huhema kwa shida, midomo yake huwa myeupe, na uhai wake hutegemea saa chache. Dawa ya malaria itaua vijidudu, lakini haiwezi kumrudishia damu iliyopotea kwa upesi unaotakiwa. Damu ya mtu mwingine ndiyo itakayomfikisha kesho.

Katika Kenya, kwa miaka mingi, fungu kubwa la damu hiyo limetolewa na wanafunzi wa shule za sekondari. Hata shule zinapofungwa, akiba ya damu hupungua. Nao vijana hao, kama itakavyoelezwa, ndio wanaozimia kwa urahisi kuliko watu wazima. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili: kijana aliyetendewa vizuri siku yake ya kwanza aweza kutoa damu kwa miaka arobaini; na kijana aliyeanguka mbele ya darasa zima aweza kuapa asirudi tena, na darasa likaapa pamoja naye.

JE, NI KUPUNGUKIWA NA DAMU?

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu huzimia kwa sababu damu aliyotolewa ni nyingi mno. Hebu tufanye hesabu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana damu karibu lita 5. Mwenye kilo 50 ana lita tatu na nusu hivi. Damu inayotolewa kwa mara moja ni kama mililita 450, yaani haifiki nusu lita. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni sehemu moja katika kumi na moja ya damu yake. Kwa mtu wa kilo 50 ni sehemu moja katika nane. Mwili wenye afya waweza kustahimili upungufu huo. Ndiyo sababu mtu mwenye uzito chini ya kilo 50 hakubaliwi kutoa damu, na ndiyo sababu ni kosa kumdanganya mwuguzi katika habari ya uzito. Anayedanganya hapo hujidanganya mwenyewe.

Tena kuna ushahidi mwingine. Wako watu wanaozimia kabla sindano haijawagusa, na wengine huzimia kwa kutazama tu damu ya mwenzao ikishuka katika mpira. Watu hao hawajapoteza hata tone moja. Basi ni wazi ya kwamba kuzimia si dalili ya kuwa damu imekwisha. Sababu yake ni nyingine.

Ubongo hauwezi kukaa bila damu hata kidogo. Damu isipoufikia kwa kiasi cha kutosha kwa muda wa sekunde kumi hivi, mtu hupotewa na fahamu. Moyo ndio unaosukuma damu kupanda kichwani, na mishipa ya damu husaidia kwa kujibana, kama mtu akazaye mpira wa maji ili maji yaruke mbali. Kazi yote mbili huongozwa na mishipa ya fahamu. Mmoja katika hiyo, unaoitwa vagasi, hutoka ubongoni ukashuka shingoni mpaka moyoni na tumboni. Kazi yake mojawapo ni kuuambia moyo upige polepole.

Mtu akiingiwa na hofu, au akiona damu, au akisikia maumivu, kwanza moyo wake huenda mbio. Kisha kwa watu wengine mambo hugeuka ghafula. Mshipa wa vagasi huuamuru moyo upunguze mwendo. Na wakati uo huo mishipa ya damu ya miguuni na tumboni, iliyokuwa imejibana, hulegea. Damu hushuka chini, msukumo wake hupungua, na ubongo hukosa haki yake. Mtu huanguka. Yaani ni amri iliyokosewa, kama nahodha atweke tanga wakati wa kulishusha. Chombo hakikutoboka, ni amri tu iliyokuwa mbaya.

Kuna jambo la pili linalosaidia amri hiyo mbaya. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka miguuni kwa uzito wake. Siku zote mwili hulijua jambo hilo, nao hujibana upesi. Lakini mtu aliyetoka kutoa damu sasa hivi hana akiba kubwa. Akiwa pia ana kiu, au amesimama katika jua la mchana ambapo mishipa ya ngozi imejitanua kwa joto, akiba yake ni ndogo zaidi. Kila mtu aliyewahi kutazama gwaride la askari amepata kuona askari hodari, asiyeogopa kitu, akianguka kwa kusimama wima muda mrefu juani. Hakutolewa damu, damu yake imekaa miguuni.

NI NANI HUZIMIA, NA WAKATI GANI?

Katika watu mia moja watoao damu, mmoja hadi saba hivi huona kizunguzungu au kichefuchefu, kwa kadiri ya umri wao na mahali. Wale wanaopotewa na fahamu kabisa hawafiki hata mmoja katika mia. Walio karibu zaidi na jambo hili ni vijana, watu watoao damu kwa mara ya kwanza, wanawake na watu wenye mwili mdogo, wenye hofu ya sindano, waliolala kidogo, na waliokuja na njaa au kiu. Mtu mwenye sifa hizo nyingi pamoja, kama mwanafunzi wa kike wa miaka 17 ambaye hakunywa chai asubuhi, yapasa aangaliwe kwa uangalifu zaidi kuliko baba yake aliyekwisha kutoa damu mara kumi.

Kuna nyakati tatu za kuangaliwa. Ya kwanza ni wakati wa kungojea na wa kuchomwa sindano, ambapo hofu ndiyo adui. Ya pili ni wakati wa kuinuka, na dakika chache baadaye penye meza ya vinywaji. Hapo ndipo wengi huanguka. Ya tatu ni saa zinazofuata, mtu akiwa amekwisha ondoka: njiani, chooni, kituo cha matatu, au amerudi kazini. Wanaozimia wakati huu wa tatu ni wachache, lakini ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa hakuna wa kuwadaka.

Kuzimia hakuji bila kubisha hodi. Mtu kwanza huona joto, kisha jasho baridi humtoka. Hupiga miayo, tumbo humchafuka, masikio huvuma, na macho huona giza kama ya jioni. Midomo na viganja hupoteza rangi. Na mtu aliyekuwa akizungumza sana akinyamaza ghafula, mwuguzi mwenye busara humtazama usoni mara moja. Aonaye dalili hizi na aseme bila kuona haya. Neno moja la wakati wake huzuia anguko.

MAJI, CHAKULA NA CHUMVI

Kinga ya kwanza ni maji. Mtu anayekwenda kutoa damu na anywe maji kwa wingi tangu siku iliyotangulia. Kisha, katika nusu saa ya mwisho kabla ya sindano, na anywe bilauri mbili kubwa, yaani kama nusu lita, kwa mara moja. Maji hayo hayafanyi kazi ya kuongeza damu tu. Tumbo likipokea maji mengi kwa ghafula, huamsha mishipa ya fahamu ambayo hubana mishipa ya damu, na msukumo wa damu hupanda kwa muda wa saa moja hivi. Huo ndio muda unaotakiwa. Katika jaribio lililofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2007, wanafunzi wa sekondari waliokunywa maji kabla ya kutoa damu walipatwa na kizunguzungu na kuzimia kwa uchache kuliko wenzao wasiokunywa. Upungufu ulikuwa karibu sehemu moja katika tano. Kwa dawa isiyonunuliwa, hiyo si faida ndogo.

Kinga ya pili ni chakula. Mtu asiende kutoa damu na tumbo tupu. Saa mbili au tatu kabla na ale chakula cha kumshibisha kiasi: mahamri na mbaazi, au ugali na samaki, au viazi vitamu na chai. Akiongeza kitu chenye chumvi, kama karanga za kukaanga au mihogo ya kukaanga, ni vizuri zaidi, kwa sababu chumvi huyashika maji mwilini yasitoke upesi. Mtu mwenye ugonjwa wa presha na afuate shauri la daktari wake katika habari ya chumvi. Pombe haifai, wala tembo la mnazi, tangu siku iliyotangulia. Pombe huukausha mwili na kuilegeza mishipa.

Mwislamu aliyefunga Ramadhani asitoe damu mchana akiwa na kiu. Heri angoje usiku baada ya kufuturu, kama kituo kiko wazi, au angoje mpaka mfungo uishe. Kadhalika mtu aliyekesha ngomani, matangani au kazini usiku kucha, na arudi siku nyingine. Hatakuwa amepoteza kitu.

KUKAZA MISULI

Kinga ya tatu hustaajabisha watu kwa urahisi wake. Katika miaka ya 1980, Lars-Göran Öst na wenzake wa huko Uppsala, Sweden, waliwafundisha watu wenye hofu kuu ya damu namna ya kukaza misuli ya mwili ili wasizimie. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakianguka kwa kuona kidonda tu waliweza kutazama damu wakiwa macho. Baadaye wataalamu wa Marekani na Kanada waliijaribu njia hiyo kwa watu watoao damu, nao waliona inasaidia.

Hufanywa hivi. Mtu akiisha kulala katika kiti chake, hupishanisha miguu, mmoja juu ya mwingine. Hukaza mapaja, makalio na tumbo kwa nguvu, huku akihesabu mpaka tano. Kisha hulegeza, akahesabu tano tena. Huendelea hivyo, kukaza na kulegeza, mpaka damu imekwisha kutolewa. Mkono wenye sindano haukazwi kamwe, bali hukaa umelegea. Wala pumzi haizuiliwi; mtu hupumua kama kawaida. Misuli inapojikaza huibana mishipa iliyomo ndani yake na kuisukuma damu kupanda juu, kama mkono ukamuavyo nazi iliyokunwa. Afanye hivyo tena kabla ya kuinuka, na tena akiisha kusimama.

Mwenye kuogopa sindano na atazame upande mwingine. Na azungumze na mwuguzi, au na mwenzake aliye karibu, habari za mpira wa miguu au za mavuno. Fikira za mtu haziwezi kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja.

KUINUKA NA KURUDI NYUMBANI

Haraka haraka haina baraka, na methali hii ina kweli kubwa katika jambo la kuinuka baada ya kutoa damu. Mtu na akae amelala dakika kumi hivi. Kisha na akae kitako, miguu ikining'inia, dakika moja au mbili. Ndipo asimame, huku ameshika kitu. Aende mezani anywe soda, chai ya sukari, maji au dafu, akae hapo kivulini angalau robo saa. Akitaka kwenda chooni, na amwambie mtu.

Siku hiyo yote na aongeze maji: bilauri nne zaidi ya desturi yake. Asisimame muda mrefu juani, wala asibebe mizigo mizito kwa mkono uliochomwa. Na hapa pwani kuna kazi ambazo yapasa ziachwe mpaka kesho yake. Mgema asipande mnazi. Mvuvi asipige mbizi, wala asiende baharini peke yake. Fundi asipande juu ya jukwaa la jengo. Dereva wa lori, wa matatu au wa bodaboda asishike usukani, kwa maana akizimia yeye, wataumia na wengine. Ikiwa mgema hawezi kukosa tembo la jioni, basi na achague siku nyingine ya kutoa damu.

Dalili zikirudi njiani, mtu asijaribu kushindana nazo. Na alale chini hapo hapo, au akae akiinamisha kichwa baina ya magoti. Aibu ya kulala kando ya njia hupita kwa dakika tano, lakini mfupa uliovunjika hukaa miezi mitatu.

MTU AKIZIMIA AFANYIWE NINI?

Mtu aliyezimia na alazwe chali, miguu yake iinuliwe juu kuliko kichwa, kwa kuiweka juu ya kiti au mzigo wa nguo. Nguo za shingoni na kiunoni zilegezwe. Watu waondoke wamwachie hewa. Mara nyingi fahamu hurudi kabla ya dakika moja kupita. Akitapika, ageuzwe ubavu.

Yako makosa ambayo watu hufanya kwa nia njema. La kwanza, na lililo baya kuliko yote, ni kumwinua na kumkalisha. Kuanguka ni njia ya mwili wenyewe ya kuirudisha damu kichwani. Anayemwinua huiondoa tena. La pili ni kumtia maji au soda kinywani angali hana fahamu, aweza kupaliwa. La tatu ni kumzunguka kwa makelele.

Tena mtu aliyezimia huenda akatikisika mikono na miguu kwa sekunde chache. Wengi wakiona hivyo husema ni kifafa au ni pepo. Mara nyingi sivyo. Ni ubongo uliokosa damu kwa kitambo kidogo, na hukoma wenyewe mtu akiisha kulala. Lakini mtu asiyerudiwa na fahamu baada ya dakika mbili, au aliyegonga kichwa, au anayeona maumivu ya kifua, ni lazima aonwe na daktari upesi.

KAZI YA WENYE KUANDAA

Mtu atoaye damu hawezi kujikinga peke yake. Mwalimu, chifu, imamu au mzee wa kanisa anayewaita watu wake watoe damu, ana wajibu wake pia. Foleni na iwe kivulini, na viti viwepo. Maji ya kunywa yawekwe mwanzo wa foleni, si mwisho tu. Wanaongojea wasikae mahali pa kutazama sindano. Mgeni alazwe karibu na mzoefu. Mwanafunzi asilazimishwe wala asichekwe akikataa, kwa sababu anayetoa damu kwa kuona haya ndiye anayeanguka kwa hofu. Na shule isipange kutoa damu kabla ya saa ya michezo.

Hofu nyingine hutoka mbali zaidi. Tangu zamani za ukoloni, ulienea katika Afrika Mashariki uvumi wa mumiani, yaani watu wanaodaiwa kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa. Uvumi huo ulitisha wengi, na chembe zake zingaliko katika vijiji. Haufukuzwi kwa dhihaka bali kwa uwazi. Mtu na aonyeshwe mfuko, aambiwe utajazwa kiasi gani, utapelekwa wapi, na utapimwa nini. Tena damu hutolewa kwa hiari na bure. Akijua hayo yote kabla ya kulala kitini, moyo wake utatulia, na moyo uliotulia hauzimii upesi.

DAMU HURUDI

Ni vizuri kila atoaye damu ajue ya kwamba alichotoa hakipotei milele. Maji ya damu hurudi katika siku moja au mbili, ikiwa mtu anakunywa vya kutosha. Chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa, na madini ya chuma huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo na ale kunde, mchicha, dagaa, maini au nyama kila apatapo. Ndiyo sababu mwanamume huambiwa angoje miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Wanaokubaliwa ni watu wenye afya, wenye umri wa miaka 16 hadi 65. Nao hupimwa kwanza kidoleni, ili ijulikane kama damu yao ina nguvu ya kutosha.

Basi yule kijana aliyeanguka mwanzoni mwa makala haya hakuwa dhaifu, wala hakupandwa na pepo, wala damu yake haikwisha. Alitoka nyumbani bila kunywa chai, akasimama juani saa nzima, akaficha hofu yake kwa kicheko, kisha akainuka upesi ili aonekane mwanamume. Bilauri mbili za maji, sahani ya mbaazi, kukaza mapaja na dakika kumi za subira zingetosha. Na kama angeambiwa hayo mapema, yule mwenzake aliyechukua kofia angebaki, na hospitalini ungekuwapo mfuko mmoja zaidi kwa ajili ya mtoto ambaye hawezi kungoja.